Fundi ni Nani? Habari za Umahiri Katika Kazi Mbalimbali

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima
Msemaji: Ofisa wa Elimu

Ninyi wa Gwata, na wenzenu wa vijiji vingine vya Kibaha na Kisarawe, karibuni katika somo letu. Viongozi wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu anasikia vizuri, na waliokaa nyuma wasogee mbele. Wenye daftari na wazishike, lakini msijitaabishe kuandika kila neno. Somo zima limepigwa chapa, nanyi mtalisoma polepole baada ya kusikiliza.

Leo tutazungumza habari za umahiri. Kila siku mnasema, "Fulani ni fundi kweli kweli." Mnasema hivyo juu ya mshona nguo, juu ya mjenzi, juu ya mkunga, hata juu ya mpiga ngoma. Je, mna maana gani? Mtu hupataje umahiri? Nani ana haki ya kusema kwamba huyu ni mahiri na yule bado?

Msidhani haya ni maswali ya watu wasio na kazi. Mkitaka kuchimba kisima, lazima mchague mchimbaji, na mkikosea katika kuchagua, kuta zitaporomoka na kufunika watu. Mkipakia mgonjwa katika gari, mnaweka roho yake mikononi mwa dereva. Kumjua fundi wa kweli ni jambo la uzima. Tena liko jambo jingine linalowahusu ninyi hasa. Wako watu wazima wanaoingia darasani vichwa chini, wakidhani kwamba hawajui kitu chochote kwa kuwa hawakusoma utotoni. Mwisho wa somo hili nataka kila mmoja wenu ajipime mwenyewe kama neno hilo ni kweli.

MANENO YENYEWE

Tuanze na maneno, maana maneno yana historia yake. Neno "fundi" ni la Kibantu. Lina shina moja na "kufunda", "kufundisha", "mafunzo" na "mwanafunzi". Basi kwa wazee wetu waliounda lugha hii, fundi ni mtu aliyefundwa, akafundika. Neno lenyewe linatuambia kwamba hakuna aliyezaliwa fundi.

Neno "ujuzi" linatoka katika kujua. "Mahiri" tumelipata kwa Waarabu, nalo lina maana ya mtu mwenye wepesi na uhodari katika kazi yake. "Stadi" ni jamaa ya neno "ustadhi", nalo asili yake ni Uajemi, likapita Uarabuni hata likafika pwani yetu. "Cheti" limetoka Bara Hindi, na maana yake ya kwanza ilikuwa karatasi ndogo iliyoandikwa, kama barua. Angalieni, basi, namna pwani yetu ilivyokusanya maneno kutoka pande zote, na kila neno likapata kazi yake. Ujuzi ni kujua. Ustadi na umahiri ni kutenda vizuri yale unayoyajua. Cheti ni karatasi inayotoa ushahidi. Tutaona baadaye taabu inayotokea watu wanapochanganya mambo hayo matatu.

WAFUA CHUMA

Sasa twende kwa mafundi wa zamani kabisa. Upande wa kusini ya Dar es Salaam, karibu na Mkiu, pako mahali panapoitwa Limbo. Leo pamo katika wilaya ya Mkuranga, lakini zamani nchi hiyo ilihesabiwa pamoja na Kisarawe. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mtanzania, jina lake Felix Chami, alichimba hapo. Aliona mavi ya chuma mengi sana, pamoja na vigae vya vyungu. Kwa vitu hivyo ikajulikana kwamba watu waliyeyusha chuma mahali hapo kiasi cha miaka elfu moja na mia nane iliyopita, au zaidi. Basi nchi hii yetu ilikuwa na mafundi wa chuma kabla ya misikiti na makanisa kujengwa, na kabla ya mji wa Dar es Salaam kuwako.

Kuyeyusha chuma si kazi nyepesi. Lazima kuyajua mawe yenye chuma na yasiyo nacho. Lazima kujua mti upi hutoa mkaa mkali. Lazima kujenga tanuri la udongo lisilopasuka, kuweka mabomba ya udongo ya kupitishia hewa, na kuvuta mivukuto kwa mwendo mmoja saa nyingi bila kulegea. Joto sharti lipite digrii elfu moja, na wazee hao hawakuwa na chombo cha kupimia joto. Walipima kwa macho, wakitazama rangi ya moto, na kwa masikio, wakisikiliza sauti yake.

Katika Gwata na vijiji jirani wako watu wanaochoma mkaa. Hao watanielewa upesi. Mchomaji anayejua kazi hutazama moshi. Moshi mweupe mzito unamwambia kwamba kuni bado zinatoa maji. Moshi ukiwa mwepesi wa rangi ya buluu, anajua kwamba mkaa umekaribia kuiva, naye huziba matundu kwa udongo. Akichelewa, anakuta majivu. Hakuna kitabu alichosoma, lakini anasoma moshi.

Sasa sikilizeni mambo yaliyotokea upande wa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya. Huko pia chuma kiliyeyushwa tangu kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita. Lakini vyuma vya kununuliwa vilipoingia kwa wingi wakati wa ukoloni, matanuri yalizimwa. Mwaka 1976 mtaalamu kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee waliofanya kazi hiyo katika ujana wao wayeyushe chuma tena ili aone. Wazee wakakubali. Walijenga tanuri, wakawasha moto, na mara ya kwanza wakashindwa. Miaka mingi ilikuwa imepita, na baadhi ya mambo yalikuwa yamesahauliwa. Lakini hawakukata tamaa. Walishauriana, wakabadilisha hiki na kile, wakajaribu tena na tena, na mwisho wakapata chuma.

Habari hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza, ujuzi usiotumiwa hufifia, hata kwa mtu aliyekuwa hodari sana. La pili, umahiri wa wazee wale haukuwa kukumbuka tu. Walipokwama walijua namna ya kutafuta kosa na kulitengeneza. Mtu aliyekariri angesimama hapo hapo. Wazee wetu wana methali: "Mwana wa mhunzi, asiposana huvukuta." Maana yake, mtoto wa mfua chuma, hata kama hajaweza kufua, atakuwa anavuta mivukuto. Ndivyo ufundi ulivyofundishwa zamani. Kijana alianza na kazi ndogo karibu na moto, akaona, akasikia, akapewa kubwa zaidi mwaka baada ya mwaka. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Mafundi wengi walificha siri za kazi ndani ya ukoo, na ukoo ulipoacha kazi, ujuzi ulizikwa pamoja nao.

MWALIMU WA CHOMBO

Tuondoke kwenye moto, twende baharini. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Wareno, chini ya mkubwa wao Vasco da Gama, zilifika Malindi. Wareno hao walikuwa mabaharia wazuri, maana walikuwa wamezunguka ncha ya kusini ya Afrika. Lakini Bahari ya Hindi hawakuijua. Mfalme wa Malindi akawapa mwelekezi wa njia. Watu wa aina hiyo waliitwa kwa Kiarabu kwa neno lile lile lililotupa sisi neno "mwalimu". Mwalimu huyo alizijua nyota na pepo. Alijua kwamba majira ya kusi yalikuwa yanaingia, na upepo huo unasukuma vyombo kutoka kwetu kwenda Bara Hindi. Wakaondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na kabla mwezi haujatimia walikuwa wameona nchi ya Bara Hindi.

Wakati wa kurudi hawakuwa na mwelekezi wa namna hiyo, tena hawakungoja kaskazi. Walitoka mapema mno, mwanzo wa Oktoba, wakakutana na bahari shwari na pepo za kuwarudisha nyuma. Safari iliyowachukua chini ya mwezi mmoja walipokwenda, sasa iliwachukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wakaugua ugonjwa wa fizi kwa kukosa matunda na mboga, wakafa wengi. Walipofika tena Malindi mwezi wa Januari 1499, hawakuwa na watu wa kutosha wa kuendesha merikebu zote, na moja wakaichoma moto.

Merikebu zilikuwa zile zile, na watu walikuwa wale wale. Kilichopungua ni ujuzi wa mtu mmoja aliyejua wakati wa kusafiri na wakati wa kungoja. Basi umahiri una mahali pake. Mtu anaweza kuwa stadi katika bahari moja, na katika bahari nyingine akawa mwanafunzi. Ndivyo ilivyo hata katika ukulima. Mkulima aliyezoea mvua za milimani, akiletwa katika nchi yetu ya pwani yenye vuli na masika, lazima akae chini aulize wenyeji. Akiona haya kuuliza, mbegu zake zitaoza au zitakauka.

MKUNGA

Kazi ya tatu ni ya akina mama. Tangu zamani kila kijiji kilikuwa na mkunga wake. Aliijua mimba kwa kuigusa kwa mikono, aliwatuliza wazazi kwa maneno, alijua kumpokea mtoto. Wazee walisema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Heshima hiyo ilikuwa haki yao, nasi hatuna sababu ya kuidharau.

Lakini kweli nyingine lazima isemwe. Yako mambo ambayo mikono ya mkunga wa kijijini haiwezi, hata awe mkongwe wa namna gani. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa katika muda wa saa chache. Mtoto akikwama, njia pekee inaweza kuwa kupasuliwa hospitali. Mama mja mzito akishikwa na kifafa cha uzazi, anahitaji dawa za sindano, hahitaji kufukizwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakunga wengi wa jadi walipewa mafunzo ya usafi na ya kuzitambua dalili za hatari. Baadaye serikali ikahimiza zaidi kwamba kila mama azalie zahanati au hospitali, kwa kuwa dalili nyingine hutokea ghafula na njia ni ndefu.

Je, katika mambo hayo mkunga mahiri ni yupi? Wengine wangesema ni yule asiyeshindwa na chochote. Mimi nasema ni yule ajuaye mpaka wake. Akiona damu, hangoji mpaka aone aibu ya kushindwa. Anaita gari au pikipiki, naye anafuatana na mzazi. Mtu anayekubali kila kazi na hasemi kamwe "hili limenipita", huyo ni hatari kwa watu, hata kama ana miaka thelathini katika kazi. Neno hilo linawahusu pia mafundi wa umeme, waganga, madereva, na sisi maofisa tunaokaa mezani.

KATIKA RELI

Mambo yalibadilika sana nchi ilipopata reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, ikipita Pugu na kuvuka Ruvu, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kazi ngumu ya majembe na sururu ilifanywa na Waafrika. Pamoja na reli zikaja kazi ambazo hazikuwa na jina katika lugha zetu, kama vile dereva wa treni, mtia moto, na mtu wa kuongoza njia.

Treni za kwanza ziliendeshwa kwa mvuke. Mtia moto alipaswa kujua kiasi cha kuni au makaa ya mawe, na zaidi ya hayo kuyatazama maji ndani ya pipa la mvuke. Maji yakipungua mno, chuma hupata joto kupita kiasi, na pipa linaweza kupasuka na kuua. Ujuzi huo ulikuwa mgumu, na watu walijivunia nao. Kisha zikaja treni za dizeli. Mtia moto hakuhitajiwa tena, na dereva akalazimika kujifunza mashine mpya. Tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika reli mpya ya kisasa, zikipita Soga na Ruvu katika mkoa wetu huu. Dereva wa treni hizo hashiki makaa hata kidogo. Anasoma vioo vya alama mbele yake.

Je, yule mtia moto wa zamani alikuwa mjinga? Hapana. Alikuwa mahiri katika kazi iliyokwisha. Ndiyo maana nasema umahiri si mali ya kufungia katika sanduku. Dunia inageuka, na fundi asiyeendelea kujifunza huachwa nyuma angali na nguvu zake. Lakini angalieni pia jambo lisilogeuka. Zamani na sasa, dereva mzuri ni yule aliye macho, anayeheshimu alama, na anayekumbuka kwamba nyuma yake wamekaa watu. Chombo hubadilika, uangalifu haubadiliki.

SHULE, VYETI NA MIKONO

Sasa tuangalie umahiri ulivyoingia shuleni. Mwaka 1922 huko Kampala ilifunguliwa shule ndogo ya ufundi kwenye kilima cha Makerere. Ilianza na wanafunzi 14 tu, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Shule hiyo ndogo ya mbao na misumari ilikua hata ikawa Chuo Kikuu kinachojulikana sana, na Mwalimu Julius Nyerere alisomea ualimu huko kuanzia mwaka 1943 mpaka 1945. Jambo la kusikitisha ni kwamba shule zilipozidi kukua, watu wengi walianza kuona kazi ya mikono kama kazi ya walioshindwa. Kijana akamaliza shule, akaona haya kushika jembe mbele ya wenzake.

Hapa kwetu Kibaha lilifanyika jaribio la kuponya ugonjwa huo. Mwaka 1963 ulianza mpango mkubwa kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, nazo ni Uswidi, Norwei, Denmaki na Ufini. Mpango huo ulikusudia kupigana na ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja. Kwa hiyo mahali pamoja paliwekwa shule ya sekondari, kituo cha afya, na kituo cha kuwafundisha wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali yetu, ukaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mkulima alikuja kujifunza kwa kutenda, akarudi kwake akajaribu shambani.

Upande wa mafundi, serikali ilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, na kwa sheria ya mwaka 1994 ikaundwa mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yaani VETA. Kwa miaka mingi fundi alipimwa kwa majaribio ya madaraja. Alianza daraja la tatu, akapanda la pili, na mwisho la kwanza. Baadaye neno "umahiri" likaingia katika mitaala yenyewe. Katika mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 shabaha iliwekwa kwamba mwanafunzi apimwe kwa yale anayoweza kuyafanya, zaidi ya yale anayoweza kuyakariri. Na katika mabadiliko ya elimu ya mwaka 2023 uliwekwa mkondo wa amali, ili vijana wasome masomo pamoja na kazi ya mikono. Wazee wetu walikwisha kusema neno hilo kitambo: "Elimu bila amali ni kama nta bila asali."

Lakini je, vipi mtu aliyejifunza chini ya mwembe? Wako maseremala, waashi, wapishi na mafundi wa magari ambao hawakukanyaga chuo, na kazi yao inasimama. Akienda kuomba kazi kwa mkandarasi, anaulizwa cheti. Hana. Anachukuliwa kama kibarua, analipwa kidogo, na pengine ndiye anayemwelekeza mwenye cheti namna ya kupanga matofali. Hilo lilikuwa dhuluma, na kwa hiyo ukaanzishwa mpango wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Fundi hupimwa akiwa kazini, huongezewa mahali anapopungukiwa, kisha hupewa cheti chake.

Tusiende upande wa pili tukasema vyeti havina maana. Mgeni akija Gwata hajui ni nani aliyefundwa na ni nani anayejisifu tu. Cheti kinamsaidia. Kazi zinazogusa uhai, kama uganga na umeme, haziwezi kuachiwa kila anayejiita fundi. Ila cheti ni shahidi tu. Shahidi akisema kweli, tunamshukuru. Akisema uongo, nyumba itaanguka mbele ya macho yetu, na karatasi haitaizuia.

KUSOMA NAKO NI UFUNDI

Nimefika mahali panapowahusu ninyi zaidi. Mwaka 1967 serikali ilipohesabu watu, karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakakusanyika chini ya miti, katika misikiti, makanisa na maghala. Redio nayo ikafanya kazi yake. Mwaka 1973 masomo ya "Mtu ni Afya" yalisikilizwa katika vikundi na watu wapatao milioni mbili, nao hawakusikiliza tu, walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba.

Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa nchi nzima wa kusoma na kuandika. Mtihani huo ulikuwa na hatua nne. Mtu aliyezijua herufi na kuunganisha maneno machache hakuhesabiwa kuwa amefika. Aliyefika hatua ya juu ni yule aliyeweza kuzitumia herufi katika maisha yake, kama kuandika barua, kusoma gazeti na kuweka hesabu ndogo. Angalieni tofauti hiyo, maana ni ile ile tuliyoiona kwa wafua chuma. Kujua mivukuto ni jambo moja, kupata chuma ni jambo jingine.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wasiojua kusoma hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba walikuwa wamefika karibu watatu katika kila kumi. Hesabu hizo mbili hazikupimwa kwa njia moja, hata hivyo kurudi nyuma kulikuwako. Madarasa mengi yalikuwa yamefungwa, watoto wengine hawakupelekwa shule, na watu wazima wengine waliokwisha kupata vyeti vya kusoma hawakuwa na kitu cha kusoma nyumbani. Kisu kisichonolewa hupata kutu. Wale wazee wa Uhaya walikuwa na bahati ya kujaribu tena. Ninyi msingoje mpaka msahau.

Kwa hiyo kila mtu na aitumie elimu yake mahali anapoihitaji. Mkulima asome maandishi juu ya chupa ya dawa ya wadudu, maana kukosea kipimo kunaunguza mimea na kunadhuru watu. Mama asome kadi ya kliniki ya mtoto wake. Mwanachama wa ushirika asome daftari la mizani kabla ya kutia sahihi. Anayetaka kuuza shamba asome karatasi mpaka mwisho, neno kwa neno, wala asikubali kuharakishwa. Watu wamepoteza ardhi kwa kutia dole gumba mahali wasipopajua.

Na ninyi wachoma mkaa, niwaulize neno moja bila ya kuwalaumu. Ujuzi wa kusoma moshi mnao. Je, ujuzi wa kurudisha mti uliokatwa mnao? Misitu ya Ruvu na ya Pugu imepungua sana. Fundi anayemaliza mbao zote za karakana yake amejifungia kazi mwenyewe.

MWISHO WA SOMO

Nilisema mwisho wa somo kila mtu ajipime. Basi mtu anapoitwa mahiri, mwulizeni mambo manne. Je, kazi yake inasimama baada ya yeye kuondoka? Akikwama, anajua kutafuta kosa? Anaujua mpaka wake? Na je, kuna mtu aliyejifunza kwake? Jiulizeni nanyi maneno hayo hayo. Mwenye kusuka mkeka usiofumuka, mwenye kujua siku ya kupanda mtama, mwenye kulea mbuzi wakaongezeka, huyo hakuingia darasani akiwa mtupu. Amekuja na ufundi mmoja mkononi, na anaongeza wa pili. Yule anayeshika kalamu kwa shida leo, alishika jembe kwa shida alipokuwa mtoto, na leo hakumbuki hata siku alipoanza kulizoea.

Viongozi wa madarasa, kazi yenu wiki hii ni hii. Kila mwanafunzi amchague fundi mmoja hapo kijijini, amwulize namna alivyojifunza, kisha aandike sentensi tano juu yake. Zisomeni kwa sauti mbele ya fundi mwenyewe. Kama kuna kosa, yeye ndiye atakayelisahihisha.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutasikilizana tena katika somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Amali: kazi ya vitendo.
Kurasimisha: kukipa kitu utambulisho wa serikali.
Mavi ya chuma: takataka ngumu zinazobaki chuma kinapoyeyushwa.
Mivukuto: vyombo vya kuvumishia moto hewa.
Sensa: kuhesabu watu wa nchi nzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wazee wa Uhaya walishindwa mara ya kwanza mwaka 1976? Walifanya nini baadaye?
2. Wareno walipungukiwa na nini katika safari ya kurudi kutoka Bara Hindi?
3. Taja dalili moja inayompasa mkunga ampeleke mama hospitali upesi. Kutoka hapa mpaka hospitali mtatumia chombo gani, na nani atalipa? Pataneni leo.
4. Fundi asiye na cheti na mwenye cheti asiye fundi: kijiji kitawatofautishaje?
5. Ni ujuzi gani wa wazee wa hapa unaokaribia kupotea? Nani yu tayari kujifunza?